Sura ya Nne: Magharibi Mbili

Modogashe kuna hoteli nyingi, na karibu zote hazina kitanda. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Anayetaka kulala huulizia loji. Abiria akishuka kwenye basi la Wajir, miguu imevimba na koo limejaa vumbi, hukimbilia hotelini kuagiza chai ya maziwa ya ngamia, anjera, yaani chapati zetu laini, na nyirinyiri, nyama ya kukaanga iliyohifadhiwa kwenye mafuta, kisha hujinyoosha mkekani hadi dereva apige honi. Mama yangu amekuwa na hoteli ya namna hiyo tangu sijajua kusoma. Ina meza nne, majiko mawili ya kuni, mabirika sita na pipa moja la maji lililofunikwa kwa ubao. Pipa hilo ndilo lililokuwa kazi yangu ya kwanza. Nililijaza kabla ya kwenda shule na nikalijaza tena jioni.

Mji wenyewe umekaa njia panda. Barabara inayotoka Isiolo na ile inayotoka Garissa hukutana hapa, kisha huendelea kwenda Habaswein, Wajir na hatimaye Mandera. Wengine watakwambia uko Garissa, eneo la Lagdera, wengine watakwambia uko Isiolo, na mzozo huo wa mpaka umedumu miaka mingi. Msafiri hajali. Awe dereva wa lori la mbuzi au mwalimu anayeripoti kazini Wajir, akifika kwetu ana njaa.

Mwaka 2021 nilipata nafasi ya kusomea shahada ya usimamizi wa hoteli na ukarimu Mombasa. Nilikuwa nimeijaza kama chaguo la tatu. Baba alisoma ujumbe ule kwenye simu yangu mara mbili, akanirudishia bila kusema neno. Aliyesema ni ndugu yake mkubwa.

"Adeer," aliniambia, kwani kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana kwa neno hilohilo, "umesoma miaka 12 ili ukawabebee watu sahani?"

Swali lile lilinichoma kwa sababu nusu yangu ilikubaliana naye. Katika ukoo wetu kijana aliyefaulu huwa daktari, mwalimu, mhandisi, au hurithi ngamia. Kupika ni kazi ya wanawake na kuhudumia mezani ni kazi ya asiye na chake. Na bado hakuna jambo linaloheshimiwa kwetu kama kumpokea mgeni. Tunalo neno lake, martisoor: marti ni mgeni, na soor ni kumkaribisha kwa chakula. Mgeni haulizwi alichokuja kutafuta mpaka ale na anywe. Mwenye mbuzi mmoja humchinja. Basi ami yangu, ambaye angechinja mbuzi wa mwisho kwa ajili ya mtu asiyemjua, aliona aibu mtoto wake afanye jambo hilohilo kwa mshahara.

Mama alikuwa akisikiliza huku anachochea moto. Alisema, bila kugeuka, kwamba mgeni wa nyumbani hanunui chakula, mgeni wa barabarani hulipa, na wote wawili ni wageni. Mjadala haukuisha siku hiyo, lakini nilipewa ruhusa.

Kupewa ruhusa na kufika ni mambo mawili. Kwetu ada hulipwa kwa mifugo, na mwaka ule mifugo ilikuwa inakufa. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na kabla ukame haujaisha, zaidi ya mifugo milioni 2 walikuwa wamekufa katika kaunti kame za Kenya. Mbuzi akikonda bei yake huanguka, kwa hiyo ada ileile iliyohitaji mbuzi wanane ikahitaji kumi na tano. Nilikuwa natazama zizi likipungua huku nikijua ni muhula gani uliolila.

Njia iliyobaki ilikuwa mkopo wa serikali, na mkopo haukutoka bila kitambulisho. Wakati huo kijana wa Kaskazini Mashariki hakuchukua kitambulisho kama kijana wa Nyeri au Kisumu. Alisimama mbele ya jopo la wazee na maafisa, akaulizwa baba wa babu yake ni nani, chifu wake ni nani, na nani anamjua. Mimi nilirudi kwenye jopo hilo mara tatu kabla ya kukipata. Wapo wenzangu wa darasani waliokata tamaa, na pasipoti zao hadi leo hazijazaliwa, kwa sababu pasipoti nayo hutoka kwenye kitambulisho. Utaratibu huo uliotutenga kwa miongo mingi Rais William Ruto alitangaza kuufuta akiwa Wajir, Februari 2025. Nauandika hapa ili mdogo wangu anayesoma ajue kwamba uanagenzi wa ng'ambo nitakaousimulia mbele, kwa mtoto wa Modogashe, ulianzia kwenye benchi la nje ya ofisi ya wilaya.

Chuo nilichopangiwa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kiko Tudor, na majengo yake ya zamani yana matao ya Kiislamu. Hilo halikutokea kwa bahati. Chuo kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na Sultani wa Zanzibar na Aga Khan walikuwa miongoni mwa waliochanga fedha. Kikawa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Nilimpigia baba simu nikamsimulia historia hiyo, na nadhani ndiyo siku aliyoacha kuniombea nibadilishe kozi.

Katika kozi hii utasikia sana habari za Uswisi. Wengi wetu tulidhani ni nchi ya benki na saa tu. Kumbe shule kongwe ya hoteli duniani ilifunguliwa Lausanne mwaka 1893, na mtu ambaye jina lake limekuwa sawa na hoteli ya kifahari, César Ritz, alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald, mtoto wa 13 wa familia maskini ya wakulima wa milimani. Alipokuwa mwanagenzi, mwajiri wake alimwambia hana kipaji cha kazi ya hoteli. Mwaka 1898 alifungua hoteli yake Paris. Tena ni Waswisi hao walioshirikiana na serikali ya Kenya kuanzisha Chuo cha Utalii, kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975 na kuwatoa mameneja na wapishi wakuu wengi wa hoteli zetu. Watu wa milimani, wenye ng'ombe, jibini na theluji, waligundua kwamba msafiri aliyekwama kwao ni riziki, wakaifanya riziki hiyo kuwa elimu. Hadithi hiyo niliibeba kama hirizi. Sisi pia tuna mifugo, na wasafiri wanaokwama kwetu kila mvua inaponyesha hawahesabiki.

Mambo mengine chuoni sikuyatarajia kuwa magumu. Kuna somo la vinywaji, na nusu yake ni mvinyo na pombe kali. Mwanafunzi Mwislamu hujikuta njia panda, na nawaambia wazazi ukweli kwamba swali hili litakuja. Mimi nilimwendea mwalimu kabla ya kipindi cha kwanza cha maabara. Nilimweleza kwamba nitasoma majina, asili na bilauri zake, nitaandika mtihani, lakini sitaonja wala sitamimina. Alikubali, akanipa kazi ya kahawa na chai wakati wenzangu wakionja. Nilijifunza siku hiyo kwamba walimu wengi wako tayari kukusikiliza ukisema mapema na kwa adabu. Anayenyamaza akakimbia kipindi hupoteza alama, na hupoteza heshima pia. Hata hivyo sitasema kwamba hilo humaliza jambo. Katika hoteli nyingi kubwa baa ni sehemu ya nyumba, na kijana wetu atalazimika kuchagua idara yake kwa makini: jikoni, vyumbani, karamu, mapokezi, uokaji. Kazi zipo za kutosha bila kugusa chupa.

Tulipofika mwaka wa tatu kila mtu alitafuta uanagenzi, ambao sisi wenyewe tuliuita atachimenti. Nilitaka kwenda Ghuba. Wakala mmoja wa Nairobi alinitoza fedha za "faili" na kuniahidi posho ambayo sikuja kuiona, kwani nilipofika nililipwa pungufu ya theluthi moja ya ahadi. Kosa langu lilikuwa kutia saini karatasi ambayo sikuachiwa nakala. Kabla hujalipa hata shilingi, tazama kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usipande ndege bila mkataba ulioandikwa idadi ya saa, posho, mahali pa kulala na anayelipa tiketi ya kurudi. Qatar, nilikokwenda, sheria inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na malazi na chakula. Mwanagenzi anayezijua sheria hizo huulizia haki yake kwa sauti tulivu, na aghalabu hupata jibu.

Nilifika Doha Januari 2024. Miezi miwili ya kwanza nilitandika vitanda vya hoteli, vyumba 14 kwa zamu. Mtu asiyejua ataona ni kazi ndogo. Shuka ya chini huvutwa mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja, pembe zake hukunjwa na kubanwa chini ya godoro, mito hupangwa mdomo wa foronya ukitazama upande usioonekana mlangoni, na yote hayo huku saa inakimbia. Msimamizi wetu, mama wa Kifilipino aliyefanya kazi ile miaka mingi, alipitisha kiganja juu ya kila kitanda changu kwa wiki nzima bila kusema neno. Siku ya nane hakukigusa. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kuliko hicho. Kwenye korido za nyuma, ambako wageni hawapiti, tulisikia Kinepali, Kihindi, Kitagalogi na Kiswahili chetu, kwa maana Wakenya na Waganda tulikuwa wengi.

Kisha ikaingia Ramadhani, tarehe 11 Machi, nikahamishiwa idara ya karamu.

Hoteli ilisimamisha hema la futari la watu 400. Migahawa kwa kawaida hupokea wageni kidogokidogo, huyu saa moja, yule saa mbili, na jikoni hupumua katikati. Futari haina hiyo. Watu 400 hufungua kinywa dakika moja. Ubaoni palikuwa na ratiba iliyohesabiwa kurudi nyuma kutoka adhana. Dakika 90 kabla, meza ziwe zimepangwa. Dakika 30, maji yamiminwe na tende ziwekwe, tatu kwa kila mtu. Dakika 10, shurba ya dengu itoke jikoni, na kipimajoto kionyeshe kwamba haijashuka chini ya nyuzi 63, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu huanza kuzaana. Sambusa hutoka mwisho kabisa ili ziwe bado zinalia mafuta. Wengi wetu tunaobeba trei tulikuwa tumefunga. Unapita na sinia la luqaimat, maandazi madogo ya mviringo, asali inateleza juu yake, na tumbo lako linajua saa kuliko saa ya ukutani.

Mzinga wa kufuturu ukalia mjini, adhana ikafuata, na hema zima likanyamaza. Kwa dakika mbili tatu ulisikia vijiko tu. Sisi tulifuturu nyuma ya pazia kwa zamu, tende moja na maji, tukarudi.

Pale nyuma ya pazia ndipo nilipomwona mama akilini mwangu. Basi la Nairobi kwenda Mandera huwa linafika kwetu karibu na magharibi, na mwezi wa Ramadhani dereva huendesha akiitafuta adhana. Wanashuka watu hamsini kwa mpigo. Mama hana ubao wa ratiba. Huangalia kivuli cha mti ulio mbele ya hoteli, na kivuli kikifika kwenye jiwe fulani humwaga maziwa birikani. Tende ziko mezani kabla vumbi la basi halijaonekana. Sambusa zake pia hutoka mwisho. Nilikua nikimwona akifanya haya bila kujua kwamba yana jina na yanafundishwa chuo kikuu.

Usiku huo nilimpigia simu. Saa ya Doha na ya Kenya ni moja, lakini Doha iko mbali zaidi upande wa mashariki, kwa hiyo mwezi Machi jua lao hutua karibu dakika 50 kabla ya letu. Nilikuwa nimeshakula, nimeosha trei, na kwao moto ndio kwanza unapunguzwa.

"Hooyo, umefuturu?" aliniuliza, kwani mama wa Kisomali humwita mwanawe jina ambalo mwana humwitia yeye.

Nilimwambia nimefuturu na watu 400. Akauliza nani aliyewapikia. Nikamwambia wapishi 22. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mabaki?"

Hilo ndilo lililonitesa kuliko saa ndefu na kuliko posho pungufu. Kila usiku wali na nyama iliyobaki kwenye bafe ilitupwa kwa ndoo. Mimi nilikuwa nimetoka nchi iliyokuwa imezika mifugo wake kwa kiwango cha kaunti nzima. Kwa mama hakuna kinachotupwa: kilichobaki sahanini huliwa na watoto wa jirani, kilichobaki hapo huliwa na mbuzi. Mpishi mkuu aliniona nimesimama juu ya ndoo, akanipa mizani na daftari. Kila usiku nilipima, nikaandika ni chakula gani kilichobaki na kiasi gani. Wiki ya tatu wakapunguza ukubwa wa masinia ya wali na kuyajaza mara nyingi zaidi, na ndoo zikapungua. Hakuna aliyenipongeza hadharani, lakini daftari lile liliendelea baada ya mimi kuondoka.

Nilirudi Modogashe Juni 2024 nikiwa na mizani ndogo ya jikoni kwenye begi. Nilimwomba mama aniruhusu nipime chai yake. Alicheka, akaniachia. Darasani tulifundishwa kwamba gharama ya viungo isizidi takriban theluthi ya bei ya kuuzia. Nikapima maziwa, majani, sukari, hiliki, nikahesabu kuni. Chai ilikuwa salama. Nyirinyiri ilikuwa inamrudishia fedha yake vizuri. Kilichokuwa kinamla ni maji ya kuoshea vikombe, ambayo hakuwahi kuyaingiza kwenye hesabu kwa sababu kwake maji ni maji. Kiangazi kinapokaza maji hununuliwa kwa jerikeni, na nilipoyahesabu nikaona faida ya vikombe vingi iliishia kwenye karai. Tukabadili utaratibu wa kuosha: karai tatu kwa mpangilio, ya sabuni, ya kusuuza na ya maji ya moto, na maji ya karai ya mwisho kuhamia ya kwanza. Jerikeni mbili zikabaki kila siku.

Ami yangu alikuja akakaa meza ya pembeni akatazama shughuli hiyo yote. Hakuomba radhi, na sikutarajia. Aliuliza kama chuo kinapokea wasichana, kwa kuwa binti yake wa mwisho alikuwa akimaliza kidato cha nne.

Kinapokea. Na kazi zipo hata hapa karibu, si Doha tu. Tangu ugatuzi wa 2013 mji wa Garissa umejaa mikutano na semina zinazohitaji kumbi, vyakula na vitanda safi. Mashirika yanayohudumia kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, huhitaji wapishi na wasimamizi wa makazi. Barabara ya Isiolo hadi Mandera inatengenezwa kwa lami, kipande kwa kipande. Jambo hili la barabara watu wetu hawajalifikiria ipasavyo. Wasafiri walisimama Modogashe kwa sababu barabara mbovu iliwachosha. Lami ikikamilika basi litapita mbio, na litasimama tu pale ambapo choo ni kisafi, chakula hakimuumizi mtu tumbo, na mama mwenye mtoto anapata chumba chenye shuka iliyofuliwa. Mji utakaokuwa na vijana waliosomea mambo hayo utabaki na wasafiri wake.

Kwa hiyo naziomba hoteli za Garissa, Wajir na Isiolo zifungue milango kwa wanagenzi, hata wawili kwa mwaka, na ziwalipe nauli na chakula. Naziomba kaunti zinazotoa basari zisiwaruke wanafunzi wa hoteli wakati wa kugawa. Na wewe mzazi wa Modogashe, ujumbe wa chuo ukiingia kwenye simu ya mtoto wako na ukaona umeandikwa hoteli, usimrudishie simu kimya. Mpeleke kwanza akachukue kitambulisho, kisha kaeni mzungumze.